Mpira Mfu

Nilipewa timu ya mpira wa kikapu kwa sababu ya urefu wangu. Siku niliyoripoti Kibiti, nikiwa na begi moja na barua ya ajira, mkuu wa shule alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akaniuliza nimesomea nini. Nikamjibu Jiografia na Kiswahili. Akasema vyema, basi na timu ya kikapu ya wasichana ni yangu, maana mwalimu aliyekuwa nayo amehama. Nikamweleza kwamba sijawahi kuucheza mchezo huo hata siku moja, kwamba kule kwetu Njombe tulikuwa na mpira wa miguu na baridi, basi. Akacheka, akasema mtu wa kimo kile hawezi kushindwa na kitu kilichotundikwa juu. Nami nikacheka. Ningekuwa na akili ningekataa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu watu bado wananisifu. Hadi leo nikishuka kwenye boti Mbwera kwenda kusimamia mitihani, hakosi mtu wa kunionyesha kwa kidole na kumwambia mwenzake kwamba huyu ndiye mwalimu aliyemkabili refa. Wananiangulia madafu. Mwaka mmoja nilirudi Kibiti na ndoo ya kamba niliyopewa bure, wakubwa wakubwa, na nikawala na familia yangu kwa siku mbili. Sikustahili hata mmoja.

Kiwanja chetu kilikuwa sakafu ya saruji iliyoachwa na mradi fulani, nyuma ya bweni la wasichana, karibu na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara kiasi kwamba lori likipita tulisimama kusubiri vumbi litue. Ringi zilichomelewa na fundi wa mageti, na moja ilikuwa juu kuliko mwenzake. Mistari tulichora kwa chokaa. Mipira tulikuwa nayo miwili, mmoja wa mazoezi na mmoja wa kufungiwa kabatini mpaka siku ya mechi.

Ndani ya kabati hilohilo nilikuta kitabu chembamba cha sheria za mchezo, cha Kiingereza, kilichoachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyetoka ng'ambo miaka mingi kabla yangu. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo sikujua kimechapishwa wapi wala kwa ajili ya akina nani. Wala sikujiuliza. Nilidhani sheria za kikapu ni zilezile dunia nzima, kama jedwali la kuzidisha. Nilikisoma kwa bidii ya mtu anayeficha ujinga wake, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu, na baada ya miezi miwili nilikuwa bingwa wa sheria wa wilaya. Hakukuwa na mwingine wa kushindana nami.

Katika wasichana kumi na mmoja niliowakuta, alikuwepo mmoja kutoka Mbuchi, kule kwenye delta ya Rufiji. Hakuwa mrefu kuliko wenzake, lakini alikuwa na mabega ya mtu aliyekulia kwenye kasia, na akishika mpira hata wavulana wa kidato cha nne waliacha mambo yao wakaja kuangalia. Alikuwa msikivu mno. Ukimwambia kitu mara moja, kimekwisha. Huna haja ya kurudia. Walimu tunawapenda watoto wa namna hiyo, na mara nyingi hatufikirii kwamba mtoto anayeshika kila neno atashika na lile la makosa.

Alipokuwa kidato cha tatu baba yake alikuja shuleni. Alikuwa mkulima wa mpunga na mvuvi, mtu mpole, aliyevaa kofia safi na kuongea kwa kuchagua maneno. Alinieleza kwamba uwezo wake unaishia mwaka ule. Mtoto akirudi likizo ya Desemba hatarudi tena Kibiti, kwa sababu wadogo zake wako nyuma na bweni lina gharama zake. Alisema anajua kwamba anakosea, lakini hana njia nyingine.

Wiki chache baadaye njia ikaonekana. Shule moja ya bweni ya wasichana, ya watu binafsi, ya Dar es Salaam, ilitangaza kwamba mwalimu wake wa michezo angehudhuria fainali ya kikapu ya mkoa. Alikuwa anatafuta mchezaji mmoja wa kumchukua, kumsomesha na kumlisha mpaka amalize kidato cha sita, bila mzazi kutoa chochote. Nilimwita yule binti pembeni nikampa habari. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ni lazima timu ishinde au inatosha yeye kucheza vizuri. Nikamwambia inatosha yeye kucheza vizuri. Tangu siku ile alikuwa wa kwanza uwanjani na wa mwisho kutoka, na sote tulijua anachezea nini.

Sasa niseme kuhusu somo lenyewe. Siku moja baada ya vipindi nikawakusanya darasani niwafundishe mpira hai na mpira mfu, kwa sababu nusu ya sheria za faulo katika kitabu kile zilitegemea hilo. Nikawaambia kwamba mpira ukiwa mikononi mwa anayeurusha kuuingiza uwanjani, tayari uko hai. Refa akipuliza filimbi, umekufa. Ukiingia kikapuni, umekufa pia, mpaka mpinzani aushike nyuma ya mstari. Mmoja wao akauliza, je, kama mpira uko hewani unaelekea kikapuni na filimbi ikalia? Hilo lilikuwa swali zuri, na nililijua jibu lake. Nikamwambia huo bado haujafa, huo ni kama kuku aliyechinjwa ambaye bado anatapatapa. Ukiingia, pointi zinahesabiwa. Darasa likacheka. Msichana mmoja akanikumbusha, kwa adabu, kwamba kwa Waislamu kuku anayetapatapa haruhusiwi kuanza kunyonyolewa mpaka atulie. Nikasema naam, na mpira ni hivyohivyo. Waliondoka na imani kwamba mwalimu wao ameiva.

Ila kabla hawajaondoka tulifika kwenye kugusana. Kitabu kilisema kwamba mguso unaotokea baada ya mpira kufa hupuuzwa, isipokuwa ule wa kukusudia na ule wa hatari. Nilikuwa natafsiri huku nikiandika ubaoni. Nilipofika kwenye neno "hupuuzwa" nilikuwa nimefika chini kabisa ya ubao, na adhana ya alasiri ikaanza kusikika kutoka msikiti wa sokoni. Wasichana wakaanza kukusanya madaftari. Nikaweka nukta. Nilijiambia nitamalizia kesho yake, na kesho yake sikumalizia, na wiki ile haikwisha kabla sijasahau kabisa kwamba palikuwa na neno "isipokuwa".

Wakati wanatoka, yule binti wa Mbuchi alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, kumbe mpira mfu ni kama maji mafu."

Mimi mtu wa milimani sikujua maji mafu ni nini. Akanieleza, na wenzake wa Mbwera wakasaidia. Bamvua linapokuwa na nguvu, maji hujaa na kutoka kwa kasi, na kila mvuvi hugombea mkondo wake. Ukitega wavu kwenye mkondo wa mtu, ni ugomvi. Lakini bamvua likiisha, zinakuja siku ambazo maji hayajai sana wala hayatoki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Siku hizo watu wanashona nyavu zao, na mtumbwi unaufunga unapotaka. "Hakuna wa kukuuliza," alisema. "Mkondo hauna mwenyewe mpaka maji yapate uhai."

Nilifurahi kupita kiasi. Mwanafunzi amechukua somo la kigeni akalitia kwenye maisha yake mwenyewe. Chuoni walituambia hicho ndicho kilele cha ualimu. Nikamsifu mbele ya wenzake. Na kutoka hapo, Mungu anisamehe, nikatengeneza mbinu. Nikawafundisha kwamba sisi tukifunga, pale mpira unapopita wavuni, kila mmoja amwondoe mpinzani wake kwa nyonga kwenye nafasi nzuri na kuishika yeye, kabla yule mwingine hajauokota mpira kuurusha. Mpira ni mfu, hakuna wa kukuuliza. Tuliifanyia mazoezi kila jioni. Mpira ukitumbukia, timu nzima ilipiga kelele "Mafu!" na nyonga zikafanya kazi.

Wilayani tulishinda kila mechi, na hata zile za awali za mkoa zilizochezwa kwetu. Hakuna aliyetupigia filimbi hata moja kwa mchezo ule, na sababu yake inatia aibu. Waamuzi wote walikuwa walimu wenzangu, na semina ya sheria niliwaendeshea mimi, kwa kitabu kile kile, kwa ubao ule ule na nukta ile ile. Mwalimu wa timu moja pinzani alilalamika kwamba watoto wake wanasukumwa. Nikamfungulia kitabu nikamsomea Kiingereza mbele ya watu mpaka akanyamaza. Naikumbuka sura yake alivyonyamaza, na nakumbuka jinsi nilivyofurahi.

Fainali ya mkoa ilichezwa asubuhi, kwenye uwanja wenye mistari ya rangi na vikapu viwili vyenye kimo kimoja. Refa alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye hijabu nyeusi iliyobana na viatu vyeupe vya michezo. Alikagua kucha za wachezaji mmoja mmoja na kuwaomba wavue bangili. Alizungumza nao kwa upole. Mwalimu wa ile shule ya Dar es Salaam alikaa karibu na meza ya makarani akiwa na daftari magotini, na mkuu wetu wa shule alikaa kiti cha pili kutoka kwake.

Yule binti alifunga kikapu cha kwanza cha mchezo. Wenzake wakapiga kelele "Mafu!" naye akamwondoa mpinzani wake kwa nyonga kama nilivyomfundisha. Filimbi ikalia. Refa akaielekea meza, akaonyesha namba ya jezi yake, akaashiria kusukuma. Binti aligeuka kunitazama. Nikamfanyia ishara ya mkono kwamba aendelee, refa amekosea.

Akafanya tena kabla ya nusu ya kwanza kwisha, na filimbi ikalia tena. Akawa na moja nyingine ya kawaida, ya kugonga mkono wa mtu akizuia, ambayo hakuna wa kuibishia. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka na harudi. Wakati wa mapumziko alikuwa nazo tatu na alikuwa amefunga karibu nusu ya pointi zetu. Mwalimu wa daftari alikuwa ameandika sana; nilimwona.

Wasichana walikuja benchi wakihema. Yeye hakuomba maji kwanza. Alisema, "Mwalimu, huyu mama anapiga filimbi kwenye mafu. Tuache?"

Nimekaa na swali hilo miaka mingi kuliko aliyokaa shuleni mtoto yule. Aliniuliza waziwazi, katika wakati ambao jibu lilikuwa bado na maana. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kuna kitu hakiko sawa, na alikuwa tayari kuacha. Ningeweza kwenda kumuuliza refa. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, anakunywa maji. Lakini kwenda kumuuliza kungekuwa ni kukiri mbele ya mkuu wa shule na mbele ya wale wageni wote kwamba bingwa wa sheria wa wilaya hana hakika.

"Msiache," nikasema. "Sheria iko upande wetu. Huyo mama anawabeba wenzake wa mjini."

Wakaitikia kwa pamoja, ndiyo mwalimu. Faulo ya nne aliipata mapema kipindi kilichofuata, katika kugombea mpira uliodunda kwenye ubao wa kikapu. Nikampumzisha kidogo, nikamrudisha. Kocha mwenye akili angewaambia wasichana wasahau nyonga, wacheze tu. Mimi nilikuwa nimeshageuza mechi ile kuwa kesi yangu na yule mama.

Ilibaki chini ya dakika moja, wenzetu wakiwa mbele kwa pointi moja. Binti akapata mpira upande wa kushoto, akawapita wawili, akaruka, akarusha. Mpira ulizunguka kwenye ringi ukatumbukia. Tukawa mbele kwa pointi moja. Benchi letu lote likapiga kelele "Mafu!" na mimi nikiwa miongoni mwao, sauti yangu ikiwa kubwa kuliko zote. Yeye hakushangilia. Aligeuka, akamtafuta mpinzani wake, akamwondoa kwa nyonga, yule mtoto akaanguka chini kwa magoti.

Refa alipuliza filimbi, akaenda mezani, akainua vidole vitano.

Niliingia uwanjani na kitabu mkononi. Kocha haruhusiwi kuingia uwanjani hivyo, nalo hilo limo kwenye kila kitabu. Nilimpigia kelele kwamba mpira ulikuwa umekufa, kwamba kikapu kimeshaingia, kwamba mguso wa mpira mfu unapuuzwa, na kwamba kama hajui sheria akae nyumbani. Yule mama alingoja nimalize. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo hata hivyo benchi zote mbili ziliisikia, "Mwalimu, uliokufa ni mpira. Huyu binti aliyesukumwa yuko hai."

Watu wakacheka. Nikakitupa kitabu kwenye meza ya makarani, kikapiga chupa ya maji, maji yakamwagikia karatasi za mechi. Hapo nami nikapigiwa faulo, ya kocha. Wenzetu wakapata mitupo ya adhabu mitatu, miwili kwa faulo ya binti na mmoja kwa yangu. Miwili iliingia. Zile sekunde zilizobaki hatukuwa na mtu wa kufunga, kwa sababu mtu wetu wa kufunga alikuwa amekaa kwenye benchi amejifunika uso kwa fulana, na tukafungwa kwa pointi moja.

Baada ya kupeana mikono, refa alinifuata nilipokuwa nimesimama peke yangu nyuma ya vyoo. Nilidhani amekuja kunisuta. Alikuja na kitabu changu, amekikausha kwa leso, akaniuliza nilikipata wapi. Nikamweleza. Akakifungua katikati, akaniambia kwamba hizi ni sheria za shule za nchi nyingine; wana utaratibu wao huko, sisi tunachezea sheria za kimataifa. Kwetu faulo ni kumgusa mtu isivyo halali, mpira uwe hai au umekufa. Kisha akaweka kidole chini ya mstari niliokuwa nimeupigia kalamu nyekundu mimi mwenyewe, akasema hata kwa sheria hizi, mwalimu, hukusoma mpaka mwisho wa sentensi. Akanisomea "isipokuwa" na yaliyofuata. Alisema pole kwa ajili ya yule binti, ana kipaji. Akasema ana nakala ya sheria kwa Kiswahili, nikitaka ataniazima. Nilimwitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo tangu saa sita ya mchana ule nilijua. Naomba hilo likumbukwe katika yote yanayofuata.

Mwalimu wa ile shule ya Dar es Salaam alitukuta kwenye gari, mimi na mkuu wa shule na ofisa mmoja wa elimu. Alisema yule binti wa kwetu ni bora kuliko wachezaji wote aliowaona siku ile, wala hilo halina ubishi. Ila alikuwa na wasiwasi. Faulo za kawaida si tatizo, alisema, kila mtu anazipata. Lakini kumsukuma mwenzako mara tatu wakati mpira umeshakufa, wakati hakuna unachogombea, hiyo si faulo ya mchezo, hiyo ni tabia. Ana roho ya kisasi, akasema. Na wao wana wasichana mia kadhaa bwenini, hawawezi kuingiza mtoto wa hivyo. Akaniuliza mimi kama mwalimu wake nasemaje.

Maneno manne yangetosha: ni mimi niliyemfundisha hivyo. Mkuu wa shule alikuwa ananitazama. Ofisa wa elimu alikuwa ananitazama. Nikasema ni mtoto mzuri tu, ana nidhamu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayemtetea mtu mwenye kosa, na yule mwalimu akaitafsiri hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamchukua mchezaji mmoja wa timu pinzani.

Ndani ya gari wasichana walilia hivi kwamba hata kama tungepitiliza mpaka Ikwiriri wangefika wakilia, bahati Kibiti iko karibu zaidi. Mmoja akasema refa kanunuliwa. Dereva akasema alijua tangu asubuhi, alimwona akisalimiana na kocha wa wenzetu. Mkuu wa shule akasema hili halitaishia hapa. Kila mmoja akaongeza tofali lake, na kabla hatujavuka mpaka wa wilaya ukuta ulikuwa umeshasimama. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Yule binti alikuwa nyuma yangu, nilisikia tu anavyovuta kamasi. Kisha akagusa bega langu akasema, "Ahsante mwalimu kwa kututetea."

Wiki iliyofuata mkuu wa shule aliandika barua ya malalamiko dhidi ya refa, ya kurasa mbili, akaileta mezani kwangu niitie sahihi kama kocha. Nikaitia. Sijui barua ile ilifanya nini ilikokwenda. Ninachojua ni kwamba msimu uliofuata yule mama hakupangiwa mechi, na waliokuja walikuwa wengine. Sikuuliza.

Desemba ilipofika binti alifunga sanduku lake akaenda kwao Mbuchi, na Januari kitanda chake bwenini kikapewa mwingine. Habari za fainali zilimtangulia kwenye vijito na visiwa vyote vya kule. Watu waliambiana kwamba mtoto wao alidhulumiwa na refa wa mjini, na kwamba palikuwepo mwalimu mmoja wa bara, mrefu, Mkristo lakini mwenye haki, aliyemtupia refa kitabu usoni. Kitabu hakikufika hata karibu na uso wa mtu. Lakini ndivyo nilivyopata yale madafu.

Mbinu ya nyonga niliifuta kimya kimya. Niliwaambia wasichana waliobaki kwamba sheria zimebadilika.

Mwaka huu, siku ya kupokea kidato cha kwanza, nilikuwa nimekaa barazani mwa ofisi ya walimu nikiandikisha majina. Akatokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni na msichana mdogo mbele yake aliyebeba ndoo mpya na godoro lililokunjwa. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Mabega yalikuwa yaleyale. Akanipa shikamoo, akaniambia huyo ni mdogo wake wa mwisho, amechaguliwa kuja hapa, na safari hii yeye mwenyewe ndiye anayemsomesha, kwa mpunga wake na kamba anaowapeleka kuuza Nyamisati. Mume wake hana neno. Kisha akamgeukia yule mdogo akamwambia amtazame vizuri mwalimu huyu, ndiye aliyemtetea dada yake siku ile mbele ya watu wa mkoa mzima. "Chochote atakachokwambia, kishike," akamwambia.

Hapo nikaiweka kalamu chini. Nilimwomba mdogo mtu akapange foleni ya vipimo vya sare, nikamsogezea dada yake kiti, nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu kitabu cha nchi nyingine, kuhusu neno nililoliacha ubaoni, kwamba faulo ni faulo hata mpira ukiwa umekufa, kwamba refa hakununuliwa na mtu. Nilimweleza kilichomfanya yule mwalimu wa Dar es Salaam asimchukue, na kwamba nilikuwepo na sikusema. Nilidhani ninampa kitu. Nilidhani ukweli, hata ukichelewa, ni zawadi.

Alisikiliza akimpapasa mtoto mgongoni. Nilipomaliza aliniuliza nilijua lini. Nikamwambia siku ileile.

"Kabla hatujapanda gari?"

"Kabla hamjapanda gari."

"Mie nikakushukuru."

Nikamwambia ndiyo, alinishukuru. Msichana mdogo alituonyesha kutoka kwenye foleni kwamba amebakiza watu wawili, na dada yake akamwitikia kwa mkono. Nikaanza kumwomba msamaha, akanizuia kwa kutikisa kichwa.

"Kila mwaka tukiinama kupandikiza mpunga, mgongo ukiniuma, namkumbuka yule mama," alisema. "Namlaani mpaka roho inatulia, halafu naendelea na kazi. Miaka yote hii ndivyo ninavyomaliza shamba." Alifunga upya khanga ya mtoto, akasimama. "Ungeniachia yule mama, mwalimu. Wewe nitakulaani vipi, na mdogo wangu namwacha mikononi mwako?"